Sura ya Sita: Heshima ya Dengu Lubaga

Lubaga ni moja ya tarafa tano za Jiji la Kampala. Wengi huijua kwa kilima chenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, lililojengwa kati ya 1914 na 1925, na kwa Mengo, yaliko makao ya Kabaka na baraza la Buganda. Mpishi huijua kwa masoko yake: Nateete, Nakulabye, Kasubi, Ndeeba. Ukiingia Nateete asubuhi utakuta mafungu ya dodo na nakati yenye umande bado, entula, biringanya, bamia, kabichi, maboga na mikungu ya matooke. Kando yake yamepangwa magunia yaliyokunjwa midomo: maharage ya nambale yenye madoa mekundu, maharage ya njano, kunde, choroko, njegere kavu, na mbaazi zilizoshuka kutoka kaskazini ya nchi.

Kwa kapu moja la soko hilo, mwanamke wa Kigujarati aliyelelewa katika nyumba isiyopika nyama anaweza kulisha familia nzima mchana na usiku. Atakachofuata kwenye duka la viungo mjini ni vitu vichache: haradali, uwatu, mvuje na bizari nyembamba. Mengine yote yanalimwa Uganda na kuuzwa Lubaga kila siku.

Ninachosema katika sura hii ni kwamba upishi wa nyumbani wa Wahindi wasiokula nyama si upishi wa kigeni hapa. Vyakula vyake ni vyetu. Tunachoweza kujifunza kwao ni utaratibu wa kupika, na zaidi ya utaratibu, ni heshima wanayoipa sufuria ya dengu.

Chakula tulichokidharau

Mganda aliyesoma shule ya bweni anakumbuka posho na maharage. Alikula mchana, akala usiku, muhula baada ya muhula. Maharage yalichemshwa kwenye masufuria makubwa, yakatiwa chumvi, pengine kitunguu, basi. Ndiyo maana wengi wakipata kazi na mshahara huyakimbia. Nyumba yenye uwezo hujulikana kwa nyama, mgeni hupokewa kwa kuku, na maharage hurudi mezani mwisho wa mwezi, fedha zinapokwisha. Hivyo mikunde imebandikwa jina la umaskini.

Kosa si la maharage. Buganda yenyewe inajua kukipa hadhi chakula kisicho na nyama. Chukua luwombo ya binyebwa: karanga zilizosagwa, zikafungwa ndani ya jani changa la mgomba lililobabuliwa motoni, zikaiva kwa mvuke taratibu. Hicho ni chakula cha sherehe, na hakuna anayekionea haya. Karanga zimepewa jani, muda na mikono ya mpishi hodari, na maharage yameachiwa maji na chumvi.

Miongoni mwa Wahindu wa Gujarat walio wafuasi wa Vishnu, na kwa Wajaini wote, hali ni nyingine kabisa. Dini yao inawafundisha kutodhuru kiumbe hai, kwa hiyo tajiri na maskini wote hawali nyama. Mwenye kiwanda na karani wake hula dali ile ile, yaani mchuzi wa dengu. Panapokosekana nyama ya kuonyesha utajiri, ustadi wote wa jiko huelekezwa kwenye mboga na nafaka. Mohandas Gandhi alitoka katika nyumba ya namna hiyo huko Porbandar, na alipokwenda London kusoma sheria mwaka 1888 alijiunga na chama cha wasiokula nyama, akawa mjumbe wa kamati yake. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa Jinja mwaka 1948, pale Nile inapoanza safari.

Si kila Mhindi wa Uganda aliishi hivyo. Waismailia na Mabohora ni Waislamu na hula nyama. Wagoa wengi ni Wakatoliki, na mapishi yao ya nyama na samaki yanasifika. Masingasinga wengi hula nyama majumbani, lakini katika mahekalu yao hupika chakula cha bure kwa yeyote aingiaye, na chakula hicho hakina nyama, ili mtu wa dini yoyote aweze kuketi na kula. Mara nyingi kinachopakuliwa ni dali na chapati.

Njia ya reli na njia ya duka

Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa pwani yetu karne nyingi kabla ya reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulioanza Mombasa mwaka 1896 uliongeza idadi yao bara. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India ya Waingereza. Karibu 2,500 walifariki, wengi walirudi kwao, na wasiopungua 6,700 walibaki. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mizigo ikavushwa ziwani kwa meli hadi treni ilipofika Kampala yenyewe mwaka 1931.

Nyuma ya reli walikuja wenye maduka. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyeanzia pwani akiwa kijana mdogo, alifungua maduka hadi Kampala na miji mingine ya Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Maduka ya namna hiyo, yaliyosambaa mijini na vijijini, ndiyo yaliyozoeza watu wa bara unga wa ngano, chai, sukari na viungo. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akaanzisha cha Kakira mwaka 1930. Wote wawili walikuwa Wahindu wa Kigujarati.

Wanawake wa familia hizi walipofika hawakukuta kila walichokizoea, basi wakapika walichokikuta. Matooke yaliingia kwenye sufuria ya viungo, yakawa mboga ya kuliwa kwa chapati. Muhogo ulikatwa, ukakaangwa, ukanyunyiziwa pilipili na ndimu. Mahindi mabichi yalipikwa katika mchuzi mzito wa karanga, chakula wanachokiita kasodi. Mapishi haya yalizaliwa Afrika Mashariki, kutokana na udongo wake.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwa Waasia waondoke, na muda wao ukawa siku 90. Makadirio ya waliofukuzwa huanzia 50,000 hadi 80,000. Karibu 28,000 walipokelewa Uingereza, wengine Kanada, India na kwingineko. Baraza la jiji la Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Walikwenda hata hivyo, wakafungua maduka, na leo muhogo na matooke vinauzwa katika mji ule na kupikwa kwa haradali na manjano kama vilivyopikwa Kampala.

Huku nyuma chapati haikufukuzwa. Waganda waliofanya kazi katika majiko ya Wahindi, na majirani waliojifunza kwa kuona, waliendelea kuisukuma. Leo inakaangwa juu ya sigiri kwenye kila njia panda ya Nakulabye na Ndeeba. Ikikunjwa na mayai inaitwa rolex. Ikikatwa vipande na kuchanganywa na maharage inaitwa kikomando, na ndiyo mlo wa wanafunzi, mafundi na madereva wa bodaboda. Kikomando ni chapati ya Wahindi na maharage ya Waganda katika sahani moja, na hakuna nyama ndani yake. Kwa hiyo hatuanzi safari upya. Tumekwisha fika nusu ya njia.

Kuchemsha, kuunga, kusawazisha

Upishi huu una hatua tatu. Anayezielewa anaweza kupika karibu mikunde yote ya Nateete bila kuangalia kitabu.

Hatua ya kwanza ni kuchemsha hadi kulainika kabisa. Chambua mawe, osha mpaka maji yatakate, kisha loweka. Choroko na mbaazi zilizobanguliwa hutosheka na nusu saa. Maharage na mbaazi nzima zilale majini usiku kucha, na maji ya kulowekea yamwagwe. Kuloweka hupunguza muda wa moto, na kwa bei ya makaa ya Kampala hiyo ni akiba ya kila siku. Mwenye sufuria ya presha huokoa zaidi. Nambale na maharage mengine ya jamii yake yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi tangu maji yatokote, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayoumiza tumbo, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Hatua ya pili ni kuunga, na hapa ndipo upishi huu unapoachana na ule wa bwenini. Mpishi wa Kigujarati hakaangi viungo mwanzo akaongeza maji juu yake. Huchemsha dengu peke yake na manjano, kisha mwishoni huweka mafuta au samli katika kikaango kidogo. Yakipata moto hutia mbegu za haradali na kusubiri zilipuke. Hufuata bizari nyembamba, kisha mvuje kiasi cha kuchotwa kwa ncha ya kisu, pilipili kavu, na majani ya mchuzi ambayo Wagujarati huyaita limdo. Ndani ya sekunde chache mafuta yote humiminwa juu ya dengu na kufunikwa. Sababu yake iko wazi: harufu na ladha ya viungo vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Kijiko kimoja cha mafuta yaliyochukua viungo huenea katika sufuria nzima. Majani yawe makavu, la sivyo mafuta yataruka na kukuunguza.

Mvuje una kazi kubwa kuliko wingi wake. Ni utomvu uliokaushwa wa mmea unaoota Iran na Afghanistan, na ukiwa mbichi harufu yake ni kali mno. Ukikutana na mafuta ya moto hutoa ladha inayokaribia ya kitunguu na kitunguu saumu. Wahindu wafuasi wa Swaminarayan, ambao ni wengi miongoni mwa Wagujarati wa Afrika Mashariki, hawali vitunguu wala vitunguu saumu. Wajaini washika dini huacha pia viazi, karoti na mizizi mingine, kwa kuwa kuing'oa ni kuua mmea mzima na wadudu wa udongoni. Mvuje hujaza pengo hilo, na kwa muda mrefu umeaminiwa kupunguza gesi ya tumboni inayowakimbiza wengi kutoka kwenye maharage.

Hatua ya tatu ni kusawazisha. Dali ya Kigujarati ina ladha nne zinazosikika pamoja: chumvi, ukali, uchachu na utamu. Uchachu hutoka kwenye ndimu, ukwaju au nyanya. Utamu hutoka kwenye sukari guru, ile inayochemshwa kutokana na miwa ya Busoga na kuuzwa kwa mabonge katika masoko yetu. Onja, ongeza kidogo, onja tena. Dali ikiwa imepooza, mara nyingi haihitaji chumvi zaidi. Inahitaji ndimu.

Tuchukue dali ya mbaazi kwa watu wanne. Chemsha kikombe kimoja cha mbaazi zilizobanguliwa kwa vikombe vinne vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano na konzi ndogo ya karanga nzima. Bila presha itachukua karibu saa moja. Zikiiva, zitoe karanga, pondaponda mbaazi kwa mwiko hadi ziwe laini, zirudishe karanga, tia nyanya moja iliyokatwakatwa, tangawizi iliyokunwa, chumvi na kijiko cha sukari guru. Acha zichemke dakika kumi, maana ladha hukomaa katika mchemko huu wa pili. Ziunge kwa vijiko viwili vya samli, kijiko cha chai cha haradali na nusu kijiko cha bizari nyembamba, pamoja na mvuje. Epua, kamulia ndimu, nyunyizia majani ya giligilani.

Mwacholi au Mlangi akiiona sufuria hiyo ataitambua mara moja. Kwao kaskazini kuna dek ngor, mchuzi mzito wa mikunde iliyobanguliwa, unaolainishwa kwa mafuta ya shea au karanga zilizosagwa. Gujarat na Gulu hazikufundishana. Kila mmoja alitazama punje ile ile ngumu akagundua kuwa ikiondolewa ganda na kugawanywa mara mbili, huiva upesi na kuwa laini kama uji.

Mboga za Lubaga katika sufuria

Kando ya dali lazima pawe na mboga, na hapa Lubaga ina utajiri.

Matooke yamenywe kwa mikono iliyopakwa mafuta, maana utomvu wake hung'ang'ania ngozi. Kata vipande vinene, viweke majini visiwe vyeusi. Unga haradali katika mafuta, tia nyanya, manjano, na giligilani na bizari nyembamba zilizosagwa. Ingiza matooke, maji kidogo, funika hadi yalainike bila kuvurugika. Malizia kwa ndimu.

Dodo hupendana na choroko zilizobanguliwa. Choroko zikikaribia kuiva, tia dodo iliyokatwa, iache dakika tano tu, kisha unga kwa kitunguu saumu na pilipili kavu. Kabichi na karoti zikatwe nyembamba, zikaangwe na haradali na pilipili mbichi kwa dakika chache, ziwe bado zinalia mdomoni. Kabichi iliyochemshwa hadi ikapoteza rangi imeharibiwa. Bamia zioshwe na kukaushwa kabisa kabla ya kukatwa, kisha zikaangwe bila kufunikwa, nazo hazitateleza.

Biringanya kubwa ichomwe nzima juu ya makaa ya sigiri mpaka ganda liungue na nyama yake ilegee. Imenye, iponde, changanya na kitunguu, nyanya na viungo vilivyoungwa. Moshi wa makaa ndio kiungo chake kikuu, kwa hiyo mwenye sigiri anamshinda mwenye jiko la umeme. Wagujarati pia huchana biringanya ndogo msalaba na kuzijaza karanga zilizopondwa, giligilani na sukari guru. Jaribu hivyo kwa entula. Uchungu wake ukikutana na karanga na utamu, hupatikana chakula ambacho Buganda na Gujarat wote wanaweza kukiita chao.

Sahani iliyokamilika

Nyumbani kwa Mgujarati dali haiji peke yake. Huja na wali, chapati nyembamba ya unga usiokobolewa iliyopakwa samli, mboga moja au mbili, kachumbari, achari na mtindi. Mpangilio huo una maana kwa mwili. Mikunde mikavu ina protini gramu 20 hadi 25 katika kila gramu 100, na ina lisini kwa wingi lakini methionini kidogo. Wali, ngano na mahindi vina upungufu wa lisini lakini vina methionini. Vikiliwa pamoja hukamilishana. Hivyo posho na maharage ya bwenini yalikuwa mlo mzuri kwa mwili tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mpishi mwenye nafasi ya kuyafanyia haki.

Matooke hayana protini nyingi, kwa hiyo anayeyala kila siku anahitaji mikunde kando yake kuliko mla ngano. Madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu na dodo hufyonzwa vizuri zaidi yakiambatana na ndimu au nyanya, na hupungua chai ikinywewa papo hapo na chakula. Subiri saa moja ndipo unywe chai yako. Asiyekula nyama kabisa akumbuke pia kuwa vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Maziwa, mtindi na jibini ndivyo vinavyowapa Wahindu wengi kiasi chao, na anayeviacha pia anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2016 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mikunde, na kila tarehe 10 Februari ni siku yake duniani. Miongoni mwa sababu ni kwamba mimea hii hurutubisha udongo kwa naitrojeni badala ya kuumaliza. Lakini mkulima hanufaiki kwa sherehe. Mwezi Agosti 2017 India ilipoweka mipaka ya kuagiza mbaazi, bei ilianguka vibaya Tanzania, na wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Funzo lake ni kubwa: tulilima chakula tusichokila, tukategemea sahani ya mtu wa mbali. Kama mbaazi zingekuwa chakula chetu cha kila siku mijini, Kampala, Dar es Salaam na Nairobi zingekuwa soko la kuwanusuru wakulima wetu wenyewe.

Wakatoliki wa Lubaga huacha nyama Ijumaa za Kwaresima. Hiyo ni nafasi nzuri ya kuanza, lakini isiishie hapo, maana chakula kinachopikwa kwa sababu ya katazo tu hubaki kuwa adhabu. Nunua mbaazi Nateete, nunua haradali na mvuje mjini, uzipike kwa subira kama unavyopika luwombo. Watoto wakuone ukiziunga, wasikie haradali ikilipuka, wajue kuwa hiki ni chakula cha fahari. Na ukitaka kupima kama kweli umeipa dengu heshima yake, usiipike siku ya kuishiwa. Ipike siku ya mgeni.